Kabla Kaunta Haijawekwa Vyuma

Wasee, kabla mtu hajaanza kutuhubiria kuhusu pombe, tujibu swali moja dogo: mbona baa za kijijini kwetu zinafanana na seli?

Ingia baa yoyote ya soko dogo upande wa Kisii au Nyamira. Anayeuza yuko nyuma ya vyuma vilivyochomelewa kutoka kaunta hadi dari. Pesa inapita kwa tundu, chupa inatoka kwa tundu lilelile. TV iko juu kabisa, nayo pia imefungiwa kwa kizimba chake. Ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya bia. Kuna kalenda ya mwaka uliopita, leseni kwa fremu, na kile kibao cha "hakuna deni leo, njoo kesho". Benchi zote zinaangalia TV. Unaweza kukaa hapo masaa matatu na usiangalie uso wa jirani yako hata mara moja.

Wengi wetu tunadhani baa ya kijiji imekuwa hivyo tangu zamani, ni vile tu zamani hakukuwa na TV. Zii. Abagusii walikuwa na chumba cha kunywea miaka mingi kabla kaunta ya kwanza kujengwa, na chumba hicho kilipangwa kwa akili. Leo nataka tuingie ndani tukiangalie vizuri. Julai 2025 serikali na NACADA walizindua sera inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka miaka 18 hadi 21, na nchi nzima ikaanza kubishana kuhusu umri. Sikusikia mtu akiuliza kuhusu chumba. Na kwa maoni yangu, chumba ndicho kilichoharibika kwanza.

CHUMBA CHENYEWE

Nyumba ya zamani ya Gusii, enyomba, ilikuwa ya duara: fito, udongo, paa la nyasi lenye ncha, na hakuna dirisha. Kila mke alikuwa na yake. Ndani iligawanywa. Kulikuwa na upande wa mama, wenye meko na mahali pa kulala, halafu kulikuwa na eero, upande ambao mwenye boma alipokelea wageni wake. Hapo ndipo pombe ilinywewa. Kwa hivyo baa ya kwanza ya kijiji chenu haikuwa sokoni. Ilikuwa kwa nyumba ya mtu, hatua chache kutoka jiko la mkewe.

Sasa tazama mpangilio. Katikati kuna chungu kikubwa cha amarwa, pombe ya wimbi. Abagaka, yaani wazee, wamekizunguka, wengine kwa vigoda, kila mmoja ameshika mrija mrefu kuliko yeye mwenyewe. Ncha ya chini ya mrija ina kichujio kidogo kilichosukwa, ili machicha yasipande mdomoni. Pombe ikishuka, maji moto yanaongezwa. Kama siku ni ya sherehe, kuna mtu na obokano yake, ile zeze kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito. Kama unapenda besi, jua ulizaliwa nayo.

Angalia kile ambacho hakipo. Hakuna kaunta. Hakuna chupa ya mtu binafsi. Hakuna kona ya giza ya kujificha na simu yako. Kila mtu anaangalia chungu, na akiangalia chungu anaangalia wenzake. Ukilewa, wote wameona. Ukinyamaza sana leo, wote wameona, na mmoja atakuuliza kuna nini nyumbani. Ukivuta mrija kwa pupa, chungu kinashuka na jina lako linajulikana.

Halafu kulikuwa na chinsoni, zile sheria za heshima na aibu kati ya vizazi. Baba na mwanawe aliyeoa hawakutakiwa kutaniana ovyo, na kuna maneno ambayo hayangeweza kutamkwa wote wakiwa hapo. Kwa hivyo swali la nani anakaa na nani halikuwa la bahati. Wa rika moja walitaniana wakacheka mpaka machozi, lakini anapoingia mtu wa kizazi cha juu, maongezi yanabadilika. Hakuna baunsa aliyehitajika. Baunsa alikuwa ni baba yako.

Na watu hawakukusanyika bure. Mahari ilijadiliwa kwa pombe. Mababu waliomwagiwa kidogo chini waliombwa kwa pombe. Kulikuwa na risaga, ambapo majirani wanakuja kulima shamba lako kwa pamoja na wewe unawalipa kwa chungu. Ukiwa mchoyo wa kupika, mwaka ujao utalima peke yako. Pombe hapo ilikuwa karatasi ya mkataba.

MRIJA NI TEKNOLOJIA

Hii sehemu ndiyo huwa inanifurahisha zaidi.

Kupika amarwa si jambo la jioni moja. Unalowesha wimbi, unaiacha iote, unaianika, unaisaga: hiyo ndiyo kimea. Unga mwingine unakandwa na kuachwa uchachuke, kisha unakaangwa motoni mpaka uwe na rangi ya kahawia na ile harufu ambayo jirani wa tatu ataisikia. Ndipo unachanganya na maji na kimea, unasubiri tena. Hesabu wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Na ikishaiva haingoji: baada ya siku chache imechachuka kupita kiasi na haifai tena.

Fikiria maana yake. Pombe ambayo haiwezi kuwekwa ni lazima inywewe na watu wengi kwa siku moja. Pombe inayotaka nafaka nyingi haiwezi kupikwa kila siku, kwa sababu wimbi hilohilo ndilo chakula cha watoto. Mwaka wa njaa, hakuna pombe. Msimu wa kupalilia, pombe ni ya kazi. Na kiwango chenyewe cha kileo ni kidogo, kama bia au chini yake, na bado kinaongezewa maji moto. Huo mrija mrefu unakulazimisha ukae chini. Huwezi kunywa amarwa kwa mrija ukiwa umesimama unaangalia saa.

Kwa hivyo breki zilikuwa ndani ya kitu chenyewe: shamba, muda, chungu, mrija, na macho ya watu. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa sheria ya serikali.

NANI HAKUKAA

Sasa tusidanganyane. Kuna watu wakisimulia mambo ya kale unadhani kila mtu alikuwa malaika. Chumba hicho kilikuwa cha wanaume, na hasa wanaume wazee. Mwanamke alilowesha, akakaanga, akabeba maji, akaongeza maji moto, lakini duara halikuwa lake. Vijana kama mimi na wewe tungekuwa nje na ng'ombe. Na mlevi aliyerudi kwa mkewe usiku hakuwa mpole kwa sababu alikunywa kwa mrija.

Lakini shikilia jambo hili moja, maana linarudi: ujuzi wote wa pombe ulikuwa mikononi mwa wanawake. Magokoro, yaani nyanya yako, ndiye aliyekuwa kiwanda. Hata Uingereza ya zamani ilikuwa hivyohivyo. Kabla ya viwanda, bia ilipikwa na wanawake majumbani, na aliyekuwa na bia tayari alitundika fimbo au tawi nje ya mlango wapita njia wajue. Pub yao pia ilianza kama nyumba ya mtu. Neno lenyewe ni kifupi cha nyumba ya umma. Tofauti ni kile kilichofuata.

MZUNGU ANAINGIA MLANGONI

Waingereza waliingia Gusii kwa nguvu, wakapigana na watu kati ya 1905 na 1908, na baada ya hapo serikali na misheni zikaanza kupanga upya maisha. Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka wa 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa miaka hiyohiyo. Kwa Waadventista pombe ilikuwa mwiko kabisa. Aliyebatizwa aliondoka kwa duara la chungu, na kuondoka huko kulikuwa zaidi ya kuacha kinywaji: alikuwa ameacha mahali ambapo mambo ya ukoo yalizungumzwa. Nyumba za pembe nne zikaja, na madirisha, na meza, na viti. Mgeni akaanza kukaribishwa kwa chai. Kichekesho ni kwamba mafundisho ya Waadventista hayapendi majani ya chai pia, na leo angalia milima ya Nyamira ilivyo kijani kwa chai.

Serikali nayo haikupiga marufuku moja kwa moja. Ilifanya jambo la ujanja zaidi. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuzuia upishi wa pombe ya kienyeji na mikutano ya kunywa. Hebu soma tena: mikutano ya kunywa. Walijua kwamba wazee wakikaa kwa duara, hawanywi tu, wanaongea. Kutoka siku hiyo chungu kikawa kitu cha kuombewa ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa hakuwa mzee wa ukoo tena. Alikuwa mtu wa mshahara.

Mwaka wa 1922 mambo mawili yalitokea Nairobi. Manispaa ilifungua ukumbi wake wa bia Pumwani, mahali ambapo Mwafrika angeweza kunywa pombe ya kienyeji kihalali, na faida ikaingia kwa manispaa. Mwaka uleule ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao, wakaanzisha Kenya Breweries. George aliuawa na ndovu 1923, na ndiyo maana bia yenu inaitwa Tusker na ina picha ya ndovu. Sasa unajua, usiseme sijakufunza kitu.

Wazo lililozaliwa hapo ndilo limetufikisha kwa vyuma. Kwa mara ya kwanza, mtu anayeuza pombe hakujuana na mtu anayekunywa. Mteja analipa, anapewa, anaondoka. Chumba hakina mwenyewe.

KATI YA 1971 NA 1980

Baada ya uhuru kulikuwa na kipindi ambacho kingeweza kutuokoa. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliruhusu leseni, na vilabu vya busaa vikawa sehemu ya kawaida ya masoko Magharibi na Nyanza. Busaa ni binamu wa amarwa, mahindi na wimbi, ila imechujwa na inanywewa kwa kopo. Ndani ya kilabu kulikuwa na benchi ndefu, sakafu ya udongo au simiti, pipa kubwa, mama anayepima, na redio. Benga ya Kisii ilikulia kwa masikio ya watu wa namna hiyo. Muulize mzee yeyote kuhusu Christopher Monyoncho uone atakavyotabasamu. Kilabu hakikuwa eero, lakini watu bado walitazamana, na aliyepika alikuwa mama unayemjua jina.

Halafu wakati wa Moi milango ikafungwa. Pombe za kienyeji zikaandamwa, na mwaka wa 1980 ikaja sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa.

Sasa jiulize kama mtu wa biashara. Polisi wanazunguka. Busaa inataka mapipa, moto mkubwa, harufu ya kukaanga inayofika barabarani, na inaharibika kwa siku chache. Chang'aa inaingia kwa jerikeni, inafichwa kwa migomba, inakaa muda mrefu, na glasi moja inafanya kazi ya kopo nyingi. Utapika nini? Jibu unalo. Si sisi peke yetu. Marekani ilipopiga marufuku pombe kutoka 1920 hadi 1933, watu walihama kutoka bia kwenda kwa vinywaji vikali kwa sababu hiyohiyo: ukibeba kwa siri, unabeba kile chenye nguvu zaidi kwa ujazo mdogo.

Na chumba kikabadilika tena. Nyumba ya chang'aa haina duara. Ni jiko la mtu, mlango umerudishwa, taa ndogo, kijana mmoja nje anachunga njia. Glasi ni moja au mbili, zinazunguka. Unameza, unakunja uso, unalipa, unatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna mzee wa kukuambia yatosha, kwa sababu mzee naye anaharakisha kumeza kabla chifu hajafika. Kinywaji cha masaa sita kikageuka kuwa kinywaji cha sekunde sita.

Na yule magokoro? Ujuzi ulikuwa wake, kwa hivyo hatari pia ikawa yake. Yeye ndiye aliyepanda gari la polisi. Lakini kwa mashamba ya kwetu yanayogawanywa kila kizazi mpaka yanabaki kama kitanda, hiyo jerikeni ndiyo iliyolipa karo. Kuna walimu, manesi na mawakili katika hii Kenya waliosomeshwa na chang'aa na hawatasema kwa harusi. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikataa kabisa, kwa hivyo sitamcheka mama yeyote kwa kile alichopika ili mtoto afike fomu foo.

VYUMA VINAINGIA

Mwaka wa 2004 Senator Keg iliingia sokoni, bia ya bei ya chini iliyopewa nafuu ya kodi ili watu waache vinywaji haramu. Ikafanya kazi. Mwaka wa 2013 serikali ikarudisha sehemu kubwa ya kodi, bei ikapanda, na watu wakarudi kwa vitu vya giza. Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye methanoli. Mwaka wa 2015 nafuu ikarudishwa. Soma hiyo hadithi mara mbili. Watu hawakuacha kunywa hata siku moja. Walihama chumba tu, kulingana na bei.

Katikati hapo kulikuwa na sheria ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho. Ilifuta marufuku ya chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na viwango, na ikaweka masaa ya baa: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Kwa karatasi, magokoro alikuwa huru. Kwa ukweli, mwenye sufuria na migomba hawezi kununua mtambo wa kufunga chupa. Baada ya 2013 leseni zikaenda kwa kaunti, na baa za masoko zikaendelea kuongezeka. Mwenye baa sasa hajui wateja wake, anaogopa wizi, anaogopa fujo, kwa hivyo anaita fundi wa kuchomelea. Hivyo ndivyo vyuma viliingia. Ni alama ya kwamba aliye ndani na aliye nje hawaaminiani.

Na usinielewe vibaya kuhusu vifo. Kinachoua watu kwa makundi, kama Kirinyaga Februari 2024, ni kemikali zinazochanganywa na watu wanaotaka faida ya haraka. Wimbi iliyochachuka kwa chungu haijawahi kuwa na shida hiyo. Anayekunywa kwa siri hana namna ya kujua anachokunywa, na aliyekufa hana wa kumshtaki.

SASA TUFANYE NINI

Mimi sisemi turudi kwa eero. Dada zangu hawatakuwa watu wa kuongeza maji moto, na sina ng'ombe wa kuchunga nikisubiri nizeeke. Pia kama hunywi, endelea hivyohivyo, hujakosa kitu.

Ninachosema ni hiki: wazee wetu hawakuzuia ulevi kwa umri pekee. Waliuzuia kwa mpangilio wa chumba. Sisi tumebomoa chumba, tukabaki na kinywaji, halafu kila miaka michache tunaandika sheria mpya ya kufanya kazi ambayo duara la vigoda lilifanya. Unaweza kuweka 21, unaweza kuweka 25. Kijana wa miaka 19 wa Keroka atakayefukuzwa baa halali anajua vizuri sana jiko lenye taa ndogo liko wapi.

Nataka mambo mawili. La kwanza, kaunti za Kisii na Nyamira zifikirie leseni ndogo kwa kina mama wanaopika busaa, pamoja na mtu wa afya wa kupima, bei wanayoweza kulipa, na vyumba vyenye mlango wazi na watu wanaojuana. Pombe nyepesi mahali penye mwanga ni bora kuliko kali gizani.

La pili ni kumbukumbu. Uingereza kuna chama cha wapenzi wa bia, CAMRA, kinachotunza orodha ya baa zenye sehemu za ndani za kihistoria, mpaka benchi na vioo. Mwaka wa 2016 UNESCO iliweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwa orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Mimi sijawahi kuona eero moja iliyotunzwa ili mtoto wa shule aingie, akae kwa kigoda, ashike mrija, aone wazee walivyotazamana. Tunasubiri nini? Mtafiti Mmarekani Robert LeVine na mwenzake Barbara walikaa Gusii kuanzia 1955 wakaandika maisha ya watu wetu, kitabu kikatoka 1966. Wageni waliona kuna kitu cha kuandika. Sisi tuna simu zenye kamera tatu.

Kwa hivyo kama sokoro yako bado yuko, wikendi hii usimuulize tu kama zamani kulikuwa kuzuri. Muulize chungu kiliwekwa wapi. Nani alikaa karibu na mlango, nani hakuruhusiwa kukaa karibu na nani. Mtu akizidisha aliambiwaje, na nani alimwambia. Kisha nenda jikoni umuulize magokoro maswali hayohayo, kwa sababu majibu yake yatakuwa tofauti, na yeye ndiye aliyepika. Rekodi sauti zote mbili.